Nyuzi Themanini na Sita na Nusu

Nilipewa kalamu nyekundu, fomu kumi na nne
na beji iliyoandikwa JAJI, jina langu likiwa limekosewa.
Ukumbi wa shule, huko El Alto, ulikuwa baridi kama tumbo la friji.
Watoto wa darasa la tano na la sita walisimama nyuma ya meza zao,
makoti juu ya sare, kamasi zikivutwa ndani,
wakinong'ona maelezo waliyokariri tangu Jumatatu.

Meza ya tatu, volkano: siki, magadi, rangi nyekundu.
Povu likamwagikia viatu vya mwalimu mkuu,
ukumbi ukalipuka kwa vifijo.
Meza ya nne, viazi viwili vikiwasha taa moja,
taa ndogo, yenye kusitasita, lakini iliwaka.
Meza ya tano, Rolando na konokono sita wa mashindano ya mbio.
Wawili walikuwa wamelala.
Mmoja hajulikani alipo hadi leo.

Meza ya tisa, Noelia Apaza, miaka kumi na moja.
Sufuria, jiko la gesi, kipimajoto kilichofungwa kwa uzi wa sufu,
na swali kwa wino wa kijani:
KWA NINI MAHARAGWE YA BIBI HAYAIVI?

Nilisoma jibu lake nikatabasamu kiutu uzima.
Maji, aliandika, huchemka kwenye nyuzi themanini na sita na nusu.
Nami, mhandisi wa mabomba, niliyefaulu mitihani kwa kukariri mia,
nikaandika pembeni: Kipimajoto kibovu. Rudia.

Aliusoma mwandiko wangu kichwa chini miguu juu.
Hakulia, hakubisha. Alivuta bakuli la barafu kutoka chini ya meza,
akakitumbukiza kile kipimajoto. Tukangoja.
Sifuri.
Akatoa cha pili, cha kuazima kwa muuza jibini.
Sifuri.
"Kibovu ni kipi, bwana jaji?"

Kisha daftari.
Alikuwa ameteremka na sufuria ile ile mapajani
ndani ya gari la waya, akining'inia juu ya mapaa ya La Paz,
hadi kwa shangazi yake kule bondeni: themanini na tisa.
Halafu basi, saa tatu za kona juu ya kona
(nimetapika mara mbili, ameandika,
maana mwalimu alisema andikeni kila kitu),
hadi Coroico, penye mibuni: tisini na nne.
Huko maharagwe yakaanza kulainika, gesi ikaisha.
Hilo nalo ameliandika.

Bibi yake alikuwa kwenye kiti nyuma ya meza, kofia imekaa upande, anafuma.
"Nyuzi ninazozijua mimi ni hizi," akainua sufu.
"Lakini miaka hamsini naambiwa sijui kupika.
Wakwe, majirani, hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu na meno yake.
Kumbe ni hewa!"

Hewa ya huku juu ni nyepesi, Noelia akanieleza taratibu,
kama mtu anayemvusha mzee barabara.
Haiyakalii maji mabegani.
Maji yanainuka na kuondoka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Kwenye grafu, nukta tatu na mstari mmoja ukizipitia,
kisha mstari ukawa wa vidotidoti hadi ukingoni mwa karatasi,
penye herufi ndogo: bahari, mia.
"Huku ulifika lini?"
"Sijafika. Nchi yetu haina bahari."
Akaunyoosha ule ukingo uliokunjamana.
"Lakini mstari unaijua njia."

Volkano ilishinda, kura mbili kwa moja.
Viatu vya mwalimu mkuu vilikuwa bado vyekundu alipokabidhi kikombe.

Wino wa kalamu ile haufutiki, nilijaribu hata kwa mate.
Nikakata neno moja, nikaandika jingine juu yake,
nikaongeza herufi mbili mbele na nyuma, fomu ikasomeka:
Jaji mbovu. Arudie.

Usiku, jikoni kwangu, nikabandika birika.
Nikarudia.